Piki nyembamba au nene, ya nailoni au ya asetali: ulinganisho kwa mpiga gitaa wa kandokando ya Ziwa

Ukiziweka mezani piki mbili, vile vipande bapa vya kudonolea nyuzi za gitaa, za plastiki ya aina moja, moja ikiwa na unene wa milimita 0.60 na nyingine milimita 0.88, macho hayataona tofauti ya maana, kwa kuwa kilichozidi hakifiki hata theluthi moja ya milimita. Vidole vitaiona. Ukakamavu wa kipande bapa hauongezeki sambamba na unene wake, bali huongezeka kwa mchemraba wa unene huo, kwa hiyo ukakamavu wa piki ya 0.88 ni zaidi ya mara tatu ya ule wa piki ya 0.60, na wa piki ya milimita 1 ni mara nane ya ule wa piki ya nusu milimita. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu aliyezoea piki moja hujikuta kama ameshika gitaa la ugenini pale anapoazimwa piki na jirani yake, ingawa nyuzi, spika na mkono ni vilevile.

Wapigaji wengi wa Mwanza, nami nikiwamo, tulijifunzia kwenye kwaya, ambako gitaa ni mali ya kanisa, nyuzi hununuliwa kwa mchango, na piki ni ile iliyoachwa juu ya spika na mtu aliyepiga Jumapili iliyopita. Mazoea hayo yalitufanya tuamini kwamba piki ni kitu cha kuokota, si cha kuchagua, ilhali bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na seti ya nyuzi, na mabadiliko inayoyaleta kwenye mlio ni makubwa. Katika ulinganisho huu ninaanza na kazi ya mkono, ndipo ninaingia kwenye unene, kisha malighafi, kwa sababu namba iliyochapwa kwenye piki haisemi ukweli wote mpaka ujue imechapwa juu ya kitu gani.

Ridhimu na solo hazitaki kitu kimoja

Watengenezaji hawajakubaliana mpaka kati ya piki nyembamba na ya wastani uko wapi, lakini kwa jumla iliyo chini ya milimita 0.60 huhesabiwa kuwa nyembamba, kati ya 0.60 na 0.80 huitwa ya wastani, kutoka hapo hadi karibu milimita 1.2 ni nene, na zaidi ya hapo ni nene sana, zikiwapo hata za milimita 3.

Tuchukue kwanza mpigaji wa ridhimu anayepitisha mkono juu ya nyuzi zote sita kwa kodi kamili (zile za muziki, noti kadhaa kwa pamoja, si zile za TRA). Piki nyembamba inamfaa kwa sababu inapinda inapokutana na kila uzi na kuupita bila kuukwaa, hivyo mkono husafiri bila kizuizi na nyuzi zote hutoka kwa nguvu inayokaribiana. Mlio wake ni mwangavu na mwepesi, sauti ya chini hupungua, na juu ya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, linalomsindikiza mwimbaji mmoja hilo ni jambo jema, kwa sababu mwimbaji anaachiwa nafasi yake. Ubaya wake ni ule mlio wa plastiki inayopiga kofi nyuzi, ambao chumbani hauudhi, lakini ukiweka maikrofoni mbele ya gitaa huja juu kuliko muziki wenyewe. Waliorekodi gitaa kavu kwenye studio ndogo wanaujua vizuri mchakacho huo, unaosikika kama mtu anayehesabu karata nyuma ya mwimbaji.

Solo inadai kinyume chake. Katika kupiga noti moja moja, piki inapaswa kuusukuma uzi, kuuachia, na kuwa tayari mahali pake kwa pigo linalofuata. Piki nyembamba hupinda kwanza, uzi huachiwa ikiwa imekwisha kuinama, na ncha huchelewa kunyooka, kwa hiyo noti hutoka ikiwa imepungua nguvu na kuchelewa kidogo. Kwenye wimbo wa taratibu hasara hiyo haionekani. Kwenye benga inaonekana waziwazi, na sisi wa kandokando ya Ziwa hatuwezi kuzungumzia solo tukaiacha benga, muziki ambao mmoja wa vinara wake, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 upande huu wa mpaka, karibu na Shirati mkoani Mara, kabla ya kujijengea jina nchini Kenya. Gitaa la solo la benga lina asili katika nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane kinachodonolewa kwa vidole, na ndiyo maana noti zake ni fupi, zimeachana, na zinakwenda kasi zikimfuata mwimbaji neno kwa neno. Anayetaka noti ziachane namna hiyo anahitaji piki isiyoinama, nami sioni sababu ya kushuka chini ya milimita 0.88 kwa kazi hiyo.

Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea katika muziki wa Kikongo, iko katikati. Vifungu vyake hurudiwarudiwa kwa muda mrefu, nyuzi zinazotumika zaidi ni zile nyembamba tatu, na mkono unahitaji kustahimili dakika nyingi bila kukakamaa, hapo 0.73 huwafaa wengi, ingawa mwenye mkono mwepesi ataona 0.88 inampa ncha safi zaidi. Kadhalika mpigaji wa kwaya ambaye ndani ya wimbo mmoja anapiga kodi kwenye ubeti kisha anaingia na solo kwenye kiitikio atanufaika na 0.73, kwa kuwa haifanyi lolote kati ya hayo mawili kwa ubora wa juu kabisa, lakini haimuangushi katika lolote.

Zile nene sana, kuanzia milimita 1.5, zina sifa ambayo wauzaji huitaja na tabia ambayo huinyamazia. Sifa ni kwamba mlio hujaa, sauti ya chini hurudi, na mchakacho wa plastiki hupotea karibu wote. Tabia ni kwamba kwa vile piki haipindi, kinachopaswa kulegea ni kifundo cha mkono na namna vidole vinavyoishika. Mwaka niliopata piki yangu ya kwanza ya 1.5 niliipeleka moja kwa moja kwenye harusi huko Ilemela bila kufanya nayo mazoezi hata jioni moja, gitaa likiwa na seti nyepesi ya 9 hadi 42, yaani uzi wa kwanza una unene wa sehemu 9 kati ya 1000 za inchi na wa sita sehemu 42. Uzi wa kwanza ulikatika kabla bibi harusi hajafika mbele, na nikamaliza mwingilio wake kwa nyuzi tano. Piki haikuwa na kosa. Nilikuwa ninapiga kwa nguvu ileile niliyoizoea kwenye piki iliyokuwa ikipinda na kuimeza nusu ya nguvu hiyo.

Kwa sababu hiyo unene wa nyuzi haupaswi kusahauliwa. Gitaa kavu lenye seti ya 12 hadi 53 linahitaji msukumo mkubwa zaidi kuliko la umeme lenye 9 hadi 42, na piki ya 0.60 iliyokuwa ya wastani kwenye gitaa la umeme itaonekana kama karatasi kwenye gitaa kavu. Ukihamia kwenye nyuzi nene zaidi, panda hatua moja ya piki pia.

Malighafi: namba ileile, kitu tofauti

Ulinganisho mkuu hapa ni kati ya plastiki mbili, nailoni na asetali, kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na seluloidi inakuja nyuma yao kama mzee anayeheshimiwa.

Nailoni ni laini na hunyumbulika kuliko asetali ya unene uleule, hivyo piki ya nailoni ya 0.73 mkononi hukaribia asetali iliyo nyembamba kuliko hiyo. Mlio wake ni mpole, noti huanza bila makali, na piki yenyewe haivunjiki hata ukiikunja. Piki nyingi za nailoni zina maandishi au vijipele vilivyoinuka mahali pa kushikia, jambo linalosaidia sana mtu mwenye jasho. Lakini nailoni ina tabia moja ambayo mwenzetu anayeishi kwenye nchi kavu anaweza kuipuuza: hunyonya unyevu, na ikinyonya hulainika zaidi. Kwenye hewa ya Ziwa, na zaidi ndani ya ukumbi uliojaa watu ambamo shati limelowa kabla ya saa nne usiku, piki nyembamba ya nailoni uliyoanza nayo si ileile unayomaliza nayo. Badiliko ni dogo, ila anayepiga kasi atalihisi. Watengenezaji wanalijua jambo la ulaini huu, na ndiyo maana piki ndogo mashuhuri ya nailoni iitwayo Jazz III, yenye ncha kali, ina unene wa milimita 1.38, kwa unene huo nailoni haina tena nafasi ya kuyumba.

Asetali, ambayo jina lake la kibiashara ni Delrin, hainyonyi maji kwa kiwango cha kuhisika. Hurudi upesi mahali pake baada ya kupinda, kona zake hulika polepole na kwa ulaini, na uso wake usiong'aa, ule wenye vumbivumbi la unga, haupotei vidoleni hata jasho likizidi. Piki za Tortex za kampuni ya Dunlop, zilizotoka mwaka 1981, ni za jamii hii, na zimesaidia kwa njia nyingine pia: kila unene una rangi yake, hivyo nyekundu ni 0.50, ya machungwa 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya bluu milimita 1, na ya zambarau 1.14. Jukwaani penye giza, na kwa watu tunaozungumza kwa ishara kuliko kwa maneno, kusema "nipe ya kijani" ni rahisi kuliko kutaja desimali. Kasoro ya asetali ni kwamba kwenye nyuzi nene zilizozungushiwa waya hutoa mkwaruzo mkali kidogo, ambao kwenye gitaa la umeme hupunguzwa kwa kugusa kitufe cha toni, lakini kwenye gitaa kavu hauna pa kujificha.

Kama ningeulizwa nimpe kijana wa kwaya jibu la neno moja, ningesema asetali, na sababu yangu kubwa ni jasho.

Seluloidi ndiyo plastiki ya kale ya piki. Luigi D'Andrea alianza kuzitengeneza New York mwaka 1922, na zile piki za Fender zenye rangi za mawimbimawimbi bado ni za plastiki hiyo. Mlio wake una joto na mwangaza kwa pamoja, na kwa gitaa kavu mimi binafsi naupenda kuliko mwingine wowote. Hata hivyo huteleza kidole kikilowa, kwa kuwa imesuguliwa ikang'aa, na kona zake hulika haraka, hasa kwa mpigaji wa ridhimu anayekwaruza nyuzi nene. Wako wanaotoboa piki au kuichora msalaba kwa msumari uliopashwa moto ili ishikike vizuri. Kwa nailoni mbinu hiyo haina madhara makubwa, lakini kwa seluloidi ni hatari, kwa sababu hutengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri, na hushika moto kwa kasi ya kutisha. Anayetaka kuikwaruza atumie msasa au ncha baridi ya kisu.

Akriliki na Ultem, plastiki nyingine mbili, sitazikalia sana. Akriliki huja kwa unene mkubwa, hung'aa kama kioo, hutoa noti kubwa iliyo wazi, na ina mashabiki wake katika solo ya umeme. Ultem, ile ya rangi ya kaharabu inayopitisha mwanga, ni kakamavu kuliko zote nilizozitaja, hivyo 0.73 yake inafanya kazi ya piki nene. Ukizikuta na ukawa na nafasi ya kuzijaribu, zijaribu. Kuzisafirisha kutoka mbali kwa kusikia sifa tu si lazima.

Chuma kinastahili aya fupi. Brian May wa kundi la Queen, aliyepiga gitaa pembeni mwa Freddie Mercury, mzaliwa wetu wa Zanzibar, anajulikana kwa kutumia sarafu ya Uingereza ya peni sita badala ya piki, na makali yale yaliyochongwa ukingoni mwa sarafu ndiyo yanayompa ule mwanzo wa noti unaokwaruza. Nimewaona vijana wakijaribu na sarafu za shilingi. Mlio unapatikana, lakini nyuzi huisha mapema, na nyuzi ndizo ghali.

Pembe, kadi ya benki na dumu

Kwa kuwa tuko Usukumani, ambako ng'ombe hawakosekani, ni haki kuiweka pembe ya ng'ombe katika ulinganisho huu. Pembe ni keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha za binadamu na gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini ambaye gamba lake lilikuwa malighafi ya piki bora za zamani kabla seluloidi haijachukua nafasi. Ng'amba sasa yuko hatarini kabisa kutoweka, na biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1970, kwa hiyo anayekuuzia piki ya ng'amba mpite tu. Pembe ya ng'ombe inakupa sehemu kubwa ya sifa zilezile bila lawama: mguso wa joto, mlio uliojaa, hakuna mchakacho, wala haitelezi sana kwa jasho. Hukatwa kwa msumeno mwembamba kutoka sehemu iliyo bapa, hulainishwa kwa maji ya moto na kubanwa inyooke, kisha hutengenezwa kwa tupa na msasa hadi kufikia milimita 1.5 au 2. Chini ya hapo hupasuka kufuata nyuzinyuzi zake, na kwa kuwa nayo hupokea unyevu, iliyoachwa mfukoni mwa suruali iliyolowa huweza kujikunja. Ni piki ya solo na ya noti moja moja. Kwa ridhimu ni ngumu mno.

Kadi ya benki iliyokwisha muda, au kile kibao kikubwa ambacho laini ya simu hubandukia, huwa na unene wa milimita 0.76, kwa sababu kadi za namna hiyo hufuata kipimo kimoja duniani kote. Kwa hiyo anayekata piki kutoka humo tayari ana piki ya unene wa wastani, hata kama hajui. Plastiki yake haina uhai wa asetali, kona hulika ndani ya siku chache, na ukingo usipopigwa msasa husikika kama uso wa tupa, lakini Jumamosi saa tisa alasiri, piki imepotea na harusi iko mbele, sijaona mbadala bora zaidi. Kadi hiyo ina faida ya pili: ni kipimo. Piki isiyo na namba ukiishikilia pamoja na kadi kati ya kidole gumba na cha shahada utajua kama iko juu au chini ya 0.76, na anayetaka uhakika aende kwa fundi wa karakana mwenye kipimo cha vernia.

Plastiki ya dumu la mafuta au ya ndoo siipendekezi, hata ikiwa na unene unaofaa. Ni laini, ina utelezi kama imepakwa mafuta, na ikipinda hairudi upesi, kwa hiyo hukusanya mabaya ya piki nyembamba na ya piki nene kwa pamoja.

Kuhusu umbo nitasema jambo moja tu. Piki ya kawaida ina ncha moja na mabega mawili ya duara, na kuigeuza ukapiga kwa bega hupunguza makali ya noti kama vile umebadilisha malighafi. Kabla ya kununua piki nyingine kwa sababu mlio ni mkali mno, igeuze kwanza.

Mpigaji wa besi, naye akihitaji noti zenye mwanzo ulio wazi zaidi kuliko vidole vinavyotoa, achukue ya milimita 1 au zaidi yenye umbo kubwa la pembetatu. Nyembamba itapinda kabla uzi wa besi haujasogea.

Na si kila mtu anahitaji piki. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, ambaye mtindo wake uliwafundisha wengi Afrika Mashariki bila wao kumwona, alipiga kwa vidole, na gitaa moja lilisikika kama mawili. Anayetaka besi na solo zitoke kwa pamoja kwenye gitaa kavu atapoteza muda akitafuta piki ya kufanya hivyo.

Kwa aliyebaki na piki, namna ya kuchagua isiyodanganya ni kununua tatu za malighafi moja, tuseme asetali ya 0.60, 0.73 na 0.88, na kupiga kipande kilekile kwa kila moja, kwa sauti ileile ya spika, siku tatu mfululizo badala ya dakika tatu dukani, kwa sababu mkono huhitaji muda wa kusahau piki ya jana. Rekodi kwa simu iliyowekwa mbali kidogo na spika, kisha sikiliza bila kutazama ni ipi inacheza. Ukishaupata unene, ndipo ubadilishe malighafi ukiwa umebaki kwenye ukakamavu huohuo: anayefurahia asetali ya 0.73 na anataka upole wa nailoni, ajaribu nailoni ya 0.88 kabla ya kuihukumu ya 0.73. Piki inayoshinda nunua tano, nne zikae kwenye mfuko wa gitaa na moja nyuma ya kava la simu, kwa sababu ile ya juu ya spika itaondoka na mtu.